Umemaliza sekondari, sasa usomee nini? Namna ya kuchagua njia ya kazi bila kukurupuka

Matokeo yakishatoka kila mtu anageuka mshauri. Mjomba anasema soma udaktari, jirani anasema siku hizi ni kompyuta tu, marafiki zako washajaza fomu za kozi ambazo hata wao hawajui ndani yake kuna nini, na wewe uko na simu unapandisha orodha ya kozi juu unaishusha chini huku dedilaini inakaribia. Wengi hapo wanaishia kuchagua jina lililosikika vizuri, na shida inaanzia hapohapo maana jina la kozi halikuambii miaka kumi ijayo ukiamka siku ya Jumanne utakuwa unaenda kufanya nini.

Kwa hiyo hapa tunaenda kinyumenyume. Tunaanza na kazi yenyewe, tunarudi mpaka kwenye kozi, afu fomu inakuja mwisho kabisa.

Anza na Jumanne

Nasema Jumanne kwa sababu ni siku ya kawaida, haina mambo mengi. Kila kazi ina siku zake za kupigia picha, na hizo ndo watu wanazokuonyesha, ila maisha yako mengi utayaishi Jumanne.

Chukua uuguzi. Watu wanaona sare na moyo wa huruma, sawa, lakini kazi yenyewe ni unaingia zamu ya usiku, unapokea ripoti kitanda kwa kitanda kutoka kwa mwenzako ambaye kachoka na anataka kwenda kwao, huyu dripu yake inaisha saa nane, yule presha ilishuka jioni mwangalie kila nusu saa, yule wa mwisho kagoma kunywa dawa, basi usiku mzima unatembea na unaandika, kila kipimo na kila sindano inaingia kwenye faili na muda wake. Kuna mtu akisoma hivyo anachangamka kabisa, anatamani angekuwepo, na kuna mwingine kachoka kabla hata sentensi haijaisha. Hiyo tofauti ndo taarifa unayoitafuta wewe, na huwezi kuipata kwenye brosha ya chuo.

Au watengeneza programu, wengi wanawawazia kama wa kwenye muvi, vidole vinakimbia kwenye kibodi. Kumbe sehemu kubwa ya siku mtu anasoma programu iliyoandikwa na mwingine ambaye alishaacha kazi zamani, anatafuta kwa nini mfumo unamkata mteja pesa mara mbili, anabadilisha mstari mmoja, anajaribu, bado, anabadilisha tena, jioni anagundua tatizo lilikuwa ni alama moja tu. Mwanasheria naye mahakamani haendi kila siku, wapo wengi ambao kazi yao ni kusoma mikataba mirefu na kubishana na neno moja kwenye kipengele cha tisa.

Sasa hiyo Jumanne utaijuaje? Kwa kuuliza watu wanaoifanya. Tafuta watatu hivi, na wasiwe wa ngazi moja: mmoja aliyeanza juzi, mmoja yuko katikati, mmoja mkongwe. Ukimuuliza bosi peke yake atakusimulia kazi ya bosi, ambayo wewe hutaifanya kwa miaka mingi. Huwafahamu? Anza na ndugu, walimu wako wa zamani, watu wa msikitini au kanisani, kuna mtu anamjua mtu. Mtandaoni pia inawezekana, ukiandika ujumbe mfupi wenye adabu, mfano: "Habari za kazi. Samahani kwa usumbufu, nimemaliza sekondari na nafikiria kusomea upimaji wa ardhi. Naomba dakika kumi na tano zako nikuulize siku yako ya kazi inavyokwenda, kwa simu au meseji, vyovyote utakavyoona ni rahisi kwako." Usiombe kazi humo humo. Usiombe hela. Wengine hawatajibu, ni kawaida, tuma kwa mwingine.

Na ukimpata usimuulize "kazi yako ikoje?", atakujibu "nzuri tu, tunamshukuru Mungu" na mazungumzo yameisha. Uliza vitu vyenye majibu:

- Jana uliingia saa ngapi, na kitu cha kwanza ulichofanya ni nini?
- Kitu gani kinakuchosha kila wiki?
- Kazi ya kwanza uliipataje, na ulikaa muda gani mtaani kabla ya kuipata?
- Nikitaka kuanza leo, kitu gani nisingejifunza chuoni ila kazini wanakihitaji?
- Wale mliomaliza nao darasa moja, sasa hivi wako wapi?

Hilo la mwisho usiliache hata kama muda umeisha. Yeye mwenyewe ni yule aliyefanikiwa kubaki kwenye hiyo kazi, kwa hiyo habari zake zimeegemea upande mmoja, lakini akianza kuwataja wenzake, huyu yuko benki, yule anauza vifaa vya ujenzi, wawili wako kwenye fani, mmoja kaenda kusoma tena, hapo unaona picha nzima.

Soma matangazo ya kazi kama vile unaomba

Hii watu hawaifanyi kabisa na haina gharama. Ingia mtandaoni tafuta matangazo ya kazi unayoifikiria, kama kumi na tano au ishirini hivi, chukua daftari piga mistari upate safu tatu, elimu wanayotaka, ujuzi wanaotaka, vyeti au leseni. Andika kila tangazo. Baada ya muda utaona vitu vinajirudia, na vinavyojirudia ndo vyenye uzito.

Utagundua mambo ya ajabu. Tangazo la afisa takwimu linaweza kusema digrii ya takwimu, hisabati, uchumi "au fani inayoendana", maana yake milango iko mingi na hukuwa na haja ya kuumwa kichwa kwa kukosa kozi moja. Tangazo la mfamasia halisemi "au fani inayoendana", pale ni famasia na usajili, basi. Kwa hiyo kuna kazi ambazo kozi ndo kila kitu na kuna kazi ambazo kozi ni tiketi ya kuingilia tu na utashindana kwa ujuzi. Ukishajua yako iko upande gani presha ya kuchagua inapungua nusu.

Angalia pia yale ya ngazi ya chini kabisa yanataka nini. Kama karibu yote yanataka uzoefu wa miaka mitatu, basi rudi kwa wale watu wako watatu uwaulize hiyo miaka mitatu wenyewe waliipatia wapi. Mara nyingi jibu ni fildi (mafunzo ya vitendo kazini wakati wa chuo), kujitolea, au kazi ndogondogo walizofanya wakiwa bado chuo, na hilo ni bora ulijue sasa kuliko siku ya mahafali.

Mageti

Hapa tutakaa kidogo maana hapa ndo watu wanapoteza miaka.

Kila kazi ina mageti, na mengine yanakufungia njia hata uwe na bidii kiasi gani. Geti la kwanza ni masomo uliyofaulu. Usiangalie wastani tu, angalia somo gani ni la lazima na kwa alama gani, kwa mwaka huu unaoomba wewe, sio mwaka aliosoma kaka yako, vigezo vinabadilika. Ukikuta huna somo, uliza kama kuna kozi ya awali au kurudia mtihani, au kuanzia cheti na diploma afu ukapanda. Njia ya diploma ni ndefu kidogo ila kuna watu wanatoka nayo wakiwa na mikono mizuri kuliko waliopita moja kwa moja.

Geti la pili ni afya, na hili halizungumzwi kabisa. Urubani unahitaji cheti cha afya cha daraja la kwanza na macho yanapimwa, pamoja na uwezo wa kutofautisha rangi. Mabaharia wa sitahani pia. Kile kipimo cha vidoti vya rangi chenye namba katikati kinaitwa Ishihara, kimekuwepo tangu 1917, na kuna watu, hasa wanaume, wanafika umri wa kumaliza sekondari hawajui kwamba nyekundu na kijani wanaziona tofauti na wengine. Kama unafikiria urubani, ubaharia au kazi za umeme, pima macho kwanza, ndo kitu cha kwanza kabisa, kabla ya kulipa hata fomu.

Geti la tatu ni urefu wa njia yenyewe. Udaktari kwenye nchi nyingi ni miaka mitano au sita chuoni, unafuata mwaka au zaidi wa mafunzo kwa vitendo hospitalini, na ukitaka ubingwa ongeza mingine kadhaa. Urubani nao, leseni ya kurusha ndege kibiashara kwa viwango vya kimataifa inaanzia masaa 200 ya kurusha, au 150 kama umepita kozi iliyoidhinishwa, ila ile leseni ya juu ya kuwa kapteni wa ndege za abiria ni masaa 1,500, na hayo masaa mtu unayalipia au unayatafutia kazi ndogo za kurusha. Uhasibu wa ACCA (chama cha kimataifa cha wahasibu) mbali na mitihani unataka miezi 36 ya uzoefu kazini kabla hujaitwa mwanachama kamili. Mimi sisemi usiende, nasema hesabu. Piga hesabu utakuwa na umri gani siku unaanza kulipwa vizuri na nani atakuwa anakulisha mpaka hapo.

Geti la nne, ithibati. Chuo kinaweza kuwa na jengo zuri na tangazo zuri na kozi yake haijatambuliwa. Kwenye kazi zenye leseni kama uuguzi, udaktari, sheria, uhandisi, kuna bodi au baraza linalosajili, nenda kwenye orodha yao wenyewe ukatafute jina la chuo NA jina la kozi, vyote viwili, maana chuo kinaweza kuwa kimesajiliwa lakini ile kozi mpya bado. Na kama una ndoto ya kufanya kazi nje, uliza mapema kama digrii itatambulika huko. Wahandisi kwa mfano wana makubaliano yanaitwa Washington Accord, ya tangu 1989, nchi zilizosaini zinatambuliana kozi za uhandisi zilizoidhinishwa. Chuo kikisema "digrii yetu ni ya kimataifa" mwombe akuonyeshe inatambuliwa na nani. Akibabaika ushapata jibu.

Kuhusu "fuata unachokipenda"

Ushauri huu una ukweli nusu. Kupenda matokeo ya kazi na kupenda kazi ni vitu viwili. Mtu anapenda wanyama anasema atasomea udaktari wa mifugo, vizuri, ila huo udaktari ni pamoja na kuvaa glavu mpaka begani na kuingiza mkono kwa ng'ombe aliyeshindwa kuzaa saa tisa za usiku, na kumwambia mwenye mbwa kwamba hapa cha kufanya ni kumpumzisha milele kwa sindano tu. Kama bado unaitaka baada ya kusikia hivyo, hapo sasa ni mapenzi kweli.

Kuna vipimo vya kukusaidia kujijua. Mwanasaikolojia wa Marekani anaitwa John Holland alianza mwaka 1959 kuandika kuhusu kugawa watu na kazi kwenye makundi, na yakabaki sita: wa mikono na vifaa, wa kuchunguza, wa sanaa, wa kusaidia watu, wa kushawishi na kuongoza, na wa utaratibu na kumbukumbu. Wengi ni mchanganyiko wa mawili matatu. Idara ya kazi ya Marekani ina tovuti inaitwa O*NET, ni bure, ina kipimo cha maswali 60 kinachotumia hayo makundi na kinakuletea kazi zinazoendana, na kila kazi imeelezwa shughuli zake za kila siku. Iko kwa Kiingereza na mishahara ni ya kwao, hiyo iruke, ila maelezo ya kazi yanasaidia popote ulipo. Kipimo kikikuambia uwe mtunza maktaba na hujawahi kufikiria maktaba usicheke wala usikimbilie, jiulize ni kitu gani kwenye majibu yako kimekileta hicho. Kinakupa cha kufikiria, hakikuamulii.

Mimi binafsi naamini zaidi kujaribu kuliko kipimo. Unataka sayansi ya kompyuta? Harvard wana kozi yao ya utangulizi inaitwa CS50 iko bure mtandaoni. MIT, chuo kingine cha Marekani, wameweka masomo yao wazi mtandaoni, mradi waliutangaza 2001. Tovuti ya Khan Academy ina hisabati, uchumi, baiolojia. Chukua moja ukae nayo wiki mbili tatu. Usijipime kwa video ya kwanza maana ya kwanza kila mtu anaifurahia, jipime siku umekwama kwenye zoezi, je, kesho yake ulirudi? Kwa kazi za mikono ni rahisi zaidi, nenda gereji, karakana, saluni, studio, omba kukaa wiki moja unasaidia kubeba na kufagia huku unaangalia. Wengi watakubali, mikono ya bure nani anakataa.

Pesa, bila aibu

Ada ni sehemu tu. Andika ada ya miaka yote, malazi, chakula, nauli, vifaa (usanifu majengo na udaktari wa meno vifaa vyake sio mchezo), mitihani ya bodi, afu jumlisha kwa miaka yote ya kozi. Kama ni mkopo soma masharti kabla ya kusaini, unaanza kulipa lini, riba ipo au haipo, na usipopata kazi mapema inakuwaje. Kukiwa na kozi mbili unazipenda sawasawa na moja ni nusu ya gharama ya nyingine, chukua ya nusu, hapa sioni cha kujadili.

Na chuo kikuu sio njia pekee jamani. Fundi umeme mwenye leseni, fundi wa majokofu na viyoyozi, mchomeleaji mzuri, hawa watu wanatafutwa. Ujerumani kijana anaweza kuingia mafunzo ya miaka miwili mpaka mitatu na nusu, siku kadhaa kiwandani na siku kadhaa shule, na analipwa huku anajifunza, na hakuna anayemwona kashindwa maisha. Dharau ya kazi za mikono imewaponza wengi wenye vipaji vya mikono wakaenda kukaa kwenye digrii ambazo hawakuzihitaji.

Je, akili bandia haitakula hiyo kazi?

Swali zuri, majibu yake mengi ni ya kubahatisha. Mwaka 2016 Geoffrey Hinton, mmoja wa magwiji wenyewe wa hiyo teknolojia, aliwahi kusema watu waache kufundisha madaktari wa kusoma picha za eksirei na skani kwa sababu ndani ya miaka kama mitano kompyuta itawapita. Miaka mitano ikapita, na mpaka leo hospitali zinawatafuta hao madaktari, kompyuta imekuwa msaidizi wao. Kama gwiji alikosea, yule wa kwenye video ya dakika moja anayekuambia "kozi hizi saba zimekufa" mpe nafasi yake ndogo.

Ila sio kwamba hamna kitu. Shirika la Kazi Duniani, ILO, lilitoa utafiti 2023 ukionyesha kazi za ukarani ndo ziko hatarini zaidi, na kwa kazi nyingine nyingi teknolojia inabadilisha sehemu ya kazi kuliko kuifuta yote. Kwa hiyo rudi kwenye ile Jumanne yako, angalia saa ngapi za siku ni kunakili, kujaza fomu, kuandika barua zinazofanana, na saa ngapi ni kushika, kuamua, kukaa na mtu. Kama karibu siku nzima ni ya kundi la kwanza, fikiria mara mbili.

Wazazi

Mzee anataka daktari, wewe unataka usanifu wa picha. Usiende kubishana kwa hisia, maana kwa hisia atakushinda tu, ndo anayelipa. Nenda na lile daftari. Kaa naye wakati katulia, mwanzie kwa kumshukuru kwa alipokufikisha, mwonyeshe matangazo uliyosoma, gharama ulizojumlisha, watu uliozungumza nao, na ukikwama utafanya nini. Mara nyingi mzazi haogopi kozi, anaogopa utakaa nyumbani bila kazi, kwa hiyo jibu hiyo hofu. Na msikilize, anakujua tangu hujajua kuongea, akisema "wewe mwanangu kukaa mezani huwezi" kunaweza kuwa na kitu hapo. Ikishindikana tafuta shangazi au mwalimu anayemheshimu azungumze naye.

Ukifika kwenye fomu

Baki na njia mbili au tatu, sio kumi. Weka ya kwanza ile unayoitaka kweli, ya pili iwe karibu na hiyo, ya tatu iwe ile una uhakika vigezo unavyo kwa ziada. Usijaze ya tatu kwa kozi ambayo ukipangiwa utalia, maana unaweza kupangiwa.

Kama huna uhakika kabisa, mwaka mmoja wa kufanya kazi ndogo na kujaribu vitu sio dhambi, ila uwe na mpango wake ulioandikwa na uulize kwanza kama nafasi au mkopo unaweza kusubiri. Mwaka wa kulala nyumbani huo sio mpango.

Na ukishaingia jiwekee tarehe ya kujipima, mwisho wa mwaka wa kwanza panatosha. Kozi kuwa ngumu sio sababu ya kuhama, zote ni ngumu. Sababu ni pale umefaulu vizuri na bado ile Jumanne huitaki. Kuhama mwaka wa kwanza gharama yake ni ndogo kuliko mwaka wa tatu, na wapo waliohama wakiwa wameshamaliza kabisa: Wangari Maathai alisomea baiolojia, akapata udaktari wa falsafa (PhD) kwenye anatomia ya mifugo mwaka 1971, na Nobel ya Amani 2004 akaipata kwa kazi ya miti, demokrasia na haki.

Kabla hujabonyeza kutuma, linganisha majina yako kwenye vyeti vyote herufi kwa herufi, kile cha kuzaliwa na vya shule, kama yanatofautiana anza kushughulikia leo maana kiapo cha majina kinaweza kuchukua muda. Tumia namba ya simu na barua pepe ambazo ni zako mwenyewe, sio za yule wa stesheneri anayekujazia, wanaweza kukutumia namba ya uthibitisho siku yeye kafunga. Piga skrinshoti ya ukurasa wa mwisho wenye namba ya maombi, jitumie kwenye barua pepe, na risiti ya malipo pia.